Mashini Isiyojua Bule

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi. Barabara yetu iko matope tupu, na roho yangu vilevile.

Papa amenipa kazi: niandike uzuri na ubaya wa laptop yangu, halafu ataamua kama tuibadilishe na mashini ya kushona ya jirani, Mama Furaha. Binti yake anaanza chuo, anahitaji ordinatere kama hii yangu. Mama yangu anahitaji kushona. Mashini yake ilibaki Bule, kijijini kwetu, siku tulipokimbia vita.

"Weye ndio unaijua," Papa alisema. "Usinidanganye tu."

Basi sikudanganya.

Si mashini ya matajiri, si takataka pia. Inawaka haraka. Inafungua vitabu vya shule bila kulalamika. Lakini batri inakufa kabla sijamaliza zoezi moja la hesabu, na umeme wa hapa unaingia bila hodi, unatoka bila kwaheri. Ikipata joto inahema kama muzee aliyepanda mlima. Herufi A imefutika; kidole ndicho kinaikumbuka.

Ubaya mwingine: inajua Kifaransa cha shule, haijui Swahili ya nyumbani. Kila neno, mustari mwekundu. Nikiandika Bule, inanigeuzia "bulle". Kwa Kifaransa ni povu la sabuni, lile linalopasuka ukiligusa.

Mara ya kwanza nilicheka.

Uzuri mmoja sikuuandika. Mbele ya watu mdomo wangu unajifunga. Darasani wananiita Radio Bila Batri. Ni humu tu, ndani ya laptop hii, ndio ninasemaga, kwa kuandika. Lakini uzuri kama huo utauweka wapi, mbele ya mama anayeshona kwa mukono, kitambaa kimegusa pua?

Jioni Papa alisoma kwa sauti. Kufika kwenye batri, Mama akadakia: "Yangu itakuwa ya miguu! Umeme ukatike wee, siye tutashona!" Akacheka mpaka akaweka sindano chini.

Sijamsikia akicheka hivyo tangu Bule.

"Umesema kweli, mutoto," Papa akaniambia. "Kesho tunabadilisha." Ndiyo. Ukweli wangu mwenyewe umeiondoa laptop mikononi mwangu.

Sasa hivi nimebonyeza juu ya Bule, nikachagua "ongeza kwenye kamusi". Kumbe ilikuwa rahisi hivyo, miezi yote hii. Binti ya Mama Furaha atafuta yote niliyoandika humu kesho. Ningekuwa yeye, hata mimi ningefuta.

Bule. Bule. Bule. Hakuna mustari.

Na kesho, mimi nitasemea wapi?