Usikate Mukia ya Jina

Papa Henriette,

Usishangae ukiona herufi ingine imegeuka. Wewe njo ulinifundisha kusoma na herufi za kuchapia, vipande ya risasi mulikuwa munatupa kule imprimerie, nyumba ya kuchapa gazeti, na herufi ya risasi iko inaangalia nyuma. Tangu pale b na d inanichezea. Mujukuu yako Odette anacheka: «Koko, unaandika sawa mutu anatembea kinyumenyume.» Nilimwambia acheke, lakini kwanza ajaze mutungi.

Bon. Nakuandikia juu roho yangu haikai.

Gazeti yako iko inakufa. Siongezi chumvi. Padri alisimama kisha misa, akasema mbele ya watu wote: gazeti inalala pale kwa meza ya mulango, watu wanaipita sawa mbwa ya jirani. Kama jamaa hazianze kuisoma, mbele ya Pasaka machine ya kuchapa itapakiwa ndani ya mashua, itaenda misioni ingine kule chini ya muto. Machine yako! Ile ulikuwa unaipangusa mafuta, wino ikakaa ndani ya kucha yako hata siku tulikuzika. Nilikusugua vidole mimi mwenyewe, na sabuni, na mchanga. Ikakataa. Nikaacha. Nikasema, aende nayo.

Na barza yetu sasa, ungeiona ungelia. Wakati yako, kila Jumapili watu walijaa pale. Unasoma na sauti kubwa, wavuvi wa Wagenia wanasuka mitego yao palepale, wamama wanatwanga pondu, majani ya mihogo, polepole juu ya kusikia. Mutoto akisumbua unamuambia: «Tulia, nitakutia ndani ya gazeti.» Anatulia! Leo gazeti imekuwa kitu ya mufuko. Makarani wanaikunja, wanaacha kichwa yake itokeze kwa koti, watu wajue huyu bwana anasoma. Bibi yake haijui. Watoto yake hawaijui. Kule sokoni njo niliona inafanya kazi: inafunga samaki ya moshi. Picha ya mukutano muzima ya wakubwa ilikuwa chini ya tumbo ya samaki ngolo, na mafuta ikawatoka machoni.

Donc nilienda na Odette kumuona Clément. Unamukumbuka, ile kijana wako wa kupanga herufi. Sasa njo anaongoza gazeti yote, na miwani. Nilikaa bila kuambiwa kaa. Nikamuuliza: «Clément, ndani ya hii gazeti iko nani?»

Akaanza: iko habari ya Ulaya, habari ya serikali, mashauri ya mihogo kutoka Yangambi.

«Nimekuuliza nani. Sikukuuliza nini.»

Akavua miwani. «Mama Henriette, watu kuzaliwa na kufa, ile si habari.»

«Si habari? Na lokole ya kule ngambo iko inapiga nini kila asubuhi, bei ya kahawa?»

Nilimuambia wazi. Lokole ni ngoma ya mti tu, imetobolewa tumbo, lakini ikilia watu wote ya muto wanaacha kula. Juu ya nini? Juu inaita mutu na jina yake ya lokole, ile ndefu, na jina ya watu walimuzaa. Hapa kwa cité watoto wanajua majina ya ubatizo tu, Jean na Thérèse. Weka majina ya lokole, nikasema, nani amezaliwa, nani ameoa, nani ametutoka. Jamaa watajitafuta ndani. Odette akatia kinywa: «Na football, monsieur. Na vitendawili.» Nilimufinya. Clément, sijui alitaka kunitia haya ao nini, akasema yote mbili itaingia, ya koko na ya mutoto.

Nilirudi nyumbani nikitembea sawa bibi ya chefu. Ngoja usikie.

Ile juma Papa Raphaël alikufa hapa kwa cité, ile mwenye alikuwa anakuletea kwanga, mukate ya mihogo, kutoka kijiji yao Yanonge. Jina yake ya lokole unaijua: Mutumbwi inapita katikati ya mawe, mwana ya yule hakurudisha kasia. Na ndugu yake Gaston, mutoto wa baba yake mudogo, hapa jirani, iko: Mutumbwi inapita katikati ya mawe, mwana ya yule alioa siku ya mvua. Clément alitazama jina, akaona ndefu, akaona nafasi kidogo. Akakata mukia! Akaandika tu: Ametutoka, Mutumbwi inapita katikati ya mawe. Ati mengine ni kurudiarudia. Kurudiarudia! Mti haina ulimi, sauti ya majina inafanana, njo maana lokole inatia mukia. Kichwa ya jina ni ya jamaa yote. Mukia njo mutu.

Gaston alikuwa mugonjwa ya muguu tangu Noeli, kila mutu alijua. Donc watu ya Yanonge waliposoma, wakasema ni yeye. Wakapanda mitumbwi, wakaingia kwake na kilio, mikono kichwani, dada yake mbele. Gaston iko kwa meza, na pondu, na samaki. Akatazama matanga yake yote, akasema: «Mimi njo nimekufa? Basi mungoje nimalize kula.» Dada yake akamupiga kofi: «Umetutoa Yanonge na machozi, na wewe unatafuna!» Ningecheka, Papa Henriette. Kweli nilicheka.

Kisha nikaona bibi ya Raphaël anasimama kwa kiwanja yangu, na kitambaa ya kufiwa, yeye peke yake. Hakuketi. Aliniambia: «Watu yetu wanalia nyumba ya pili. Kwangu hakuna mutu. Gazeti yenu imenyima bwana yangu hata kilio.» Kicheko ikanikauka. Nilimushika mukono, nikamupeleka kwa Gaston, nikaita ile watu yote wasimame. Tukavuka njia wote pamoja mpaka kwake, Gaston na muguu yake mubovu nyuma. Walilia vizuri. Lakini ile maneno yake iko bado ndani ya masikio yangu.

Padri alisikia. Alimwita Clément, alifunga mulango. Tangu ile siku mikono yangu haifanyi kazi. Nikisikia mashua inapiga filimbi kule beach, kwa bandari, naacha sufuria, naenda kutazama kama wanapakia kitu ya chuma. Odette ananiambia, koko, ile ni magunia ya muchele. Najua ni muchele. Natazama tu.

Alors, kuna kitu ingine, na sijui niiamini. Clément alichapa tena jina ya Raphaël, nzima, na Gaston pia, akasema Gaston iko muzima na anakula vizuri. Ile gazeti ilimalizika kwa meza mbele watu wamalize kutoka kanisani! Vijana wanaanza na football, wanagombana, kisha wanashuka kwa majina. Kwa bomba ya maji wanaulizana: wewe lokole inakuita nani? Hawajui, wanakimbia kwa wakoko. Henriette, binti yako mwenyewe, na watoto sita, alikuja kuniuliza ya kwake, haya imemujaa. Nilimugombeza kwanza. Kisha nikamuambia.

Padri alisema ataangalia meza mara moja tena, Jumapili hii. Kama gazeti inabaki, mashua. Njo maana siwezi kukaa.

Na sikia nini itakuwa ndani. Wewe ulipanga majina ya watu ya Kisangani yote, hata ya wazungu, yako hukuipanga hata siku moja. Ulipokufa waliandika: mufanyakazi ya zamani ya imprimerie ametuacha. Basi. Sawa chombo imevunjika. Nilimuambia Clément: Jumapili hii utaitia, na mukia. Akasema ndiyo, mama. Lakini nilimuona anapima ukurasa na macho.

Kesho nitaenda imprimerie mbele hawajatia wino. Nitainama juu ya risasi. Pale, bwana yangu, b ni b, d ni d. Pale herufi inasimama vile ulinionyesha, na hakuna mutu atanicheka. Nitapita na kidole mpaka mwisho ya jina yako. Kama mukia imekatwa, sitoki. Wanifungie ndani na machine, watupakie wote wawili.

Na Jumapili, gazeti zimalizike kwa meza ao zibaki, nitaketi kwa barza na gazeti na nitasoma mimi, na sauti, polepole. Nikikosa, Odette atanisahihisha. Nimemupa ruhusa. Nakuahidi, barza haitanyamaza tena.

Lala vizuri, wewe Sauti inavuka kelele ya maporomoko, mwana ya yule aliita kutoka ngambo na watu wakaitika.

Umeona? Sikukata kitu.

Mama Henriette