Nati ya gurudumu la kushoto

Jumatatu, jioni. Upepo wa ziwa umevuma kutwa, mchanga umeingia mpaka kwenye ugali. Milima ya upande wa kijiji cha Bendera imefunikwa na wingu jeusi. Huko mvua inanyesha, na huko ndiko mama yangu ameenda leo ndani ya gari yangu, amekaa mbele, upande wa kushoto.

Upande wa kushoto ndio unaoninyima raha.

Nianze na gari yenyewe, maana bila hiyo hakuna anayenijua hapa Kalemie. Ni mzee kuliko ndoa yangu. Usukani uko kulia, kama gari zote zinazotufikia kwa njia ya Kigoma. Miaka yote hii ilikuwa inatembea kama mlevi anayerudi kutoka harusini: ukiipeleka kulia inawaza kwanza, halafu inaenda kushoto.

Na mimi niliipenda hivyo. Wenye gari wenzangu wa Kalemie wataelewa. Ukiwa na gari hapa, ndugu zako wanaongezeka kama mihogo. Kuna ubatizo, kuna mgonjwa, kuna shemeji wa shemeji anayetaka kubeba makaa. Huwezi kusema hapana, hilo ni tusi. Kwa hiyo kila mwenye gari ana ugonjwa wa gari yake, anauchagua kama mtu anavyochagua jina la mtoto. Jirani yangu anatumia betri. Mwalimu wa nyumba ya pili anatumia breki. Mimi nilichagua direksiyo, maana hakuna anayependa kubishana na usukani. "Pole, direksiyo imekufa, itatuua." Mtu anaitika, anaenda kujaribu kwa mwenye betri. Hakuna anayeamini, hakuna anayekasirika. Ni adabu tu.

Basi kiangazi hiki shetani wa bidii akaniingia, nikaitengeneza kweli.

Nililala chini ya ile gari mpaka mke wangu, Mama Riziki, akaniuliza kama alete na shuka. Nilikata tairi ya lori, nikachonga mipira ya kuweka kati ya chuma na chuma, kama tunavyofanya wote. Amotisere, zile za kupunguza mitikisiko, nilizitoa kwenye gari iliyokufa kule karibu na stesheni. Gurudumu la kulia nikaliwekea rotili mpya, kile kiungo kinachoshika mkono wa usukani na gurudumu. Nilipoitoa barabarani sikuamini. Ilipita kwenye mashimo kama mtumbwi juu ya maji yaliyotulia. Karibu nilie.

Ikabaki rotili ya kushoto. Nati yake imekwisha meno, na kipini kinachoizuia isijifungue kilivunjika mkononi mwangu. Nikaifunga kwa waya ya umeme, nizunguke nayo mjini polepole tu, nikingojea rotili nyingine na nati yake zije kwa boti. Nati hiyo ikitoka, mkono wa usukani unaanguka. Dereva anabaki ameshika duara, na gurudumu linaenda linapotaka.

Jumamosi akafika Yaya Fidele, kaka yangu mkubwa, kutoka Lubumbashi. Mjomba wetu amefariki Bendera, na yeye kama mkubwa wa nyumba ndiye wa kumpeleka Mama kwenye matanga. Alifika na suti nyeusi na viatu vya kuogopa vumbi. Jambo la kwanza, akaniomba ufunguo azungushe gari kidogo mtaani. Alirudi anatabasamu.

"Wewe mulume kweli, umeitengeneza vizuri. Gari inateleza."

Ndugu yangu huyu hajapata kunisifu tangu nizaliwe. Hata siku ya ndoa yangu alisifu tu mchele. Nikacheka kama bibi harusi. Nikamweleza habari za amotisere, za mipira, za rotili ya kulia. Nilizungumza sana. Ya kushoto sikuitaja.

Niliitaja leo asubuhi, alipokwisha kupakia mizigo.

"Yaya, gari haiwezi kufika Bendera. Direksiyo..."

Sikumaliza. Mama, ambaye alikuwa amekwisha kukaa mbele na kitambaa chake cha kilio kichwani, alicheka mpaka akashika kifua. Mwanamke aliyefiwa na kaka yake. Mama Riziki alicheka. Jirani wa betri alicheka kupita wote, mnafiki yule.

"Direksiyo tena?" Yaya akasema. "Si njo hii umenisifia juzi yote?"

"Ya kushoto imefungwa na waya. Inama uone."

"Mimi niingie chini ya gari na suti ya matanga?"

Mama akatoa kichwa dirishani. "Wee mutoto, ata mujomba wako anakufa, unamunyima gari? Atakuja kukuuliza usiku."

Ningeweza kutoa upepo katika tairi. Ningeweza kulala mbele ya gurudumu. Lakini watu walikuwa wanatazama, na mimi niliona haya kuitwa mchoyo mbele ya jirani wa betri. Nikasema, "Basi mwende polepole." Gari ikaondoka bila hata kutikisika. Kazi yangu.

Adhuhuri boti ikafika, na mzigo wangu ndani. Rotili mpya, nati mpya, kipini chake kimefungwa pembeni kwa uzi. Nimeviweka mezani. Mama Riziki ameviangalia, akaangalia mlima, hajacheka tena.

Mchana wote simu ya Yaya haikupatikana. Nimewaza mambo ambayo sitayaandika hapa.

Muda si mrefu uliopita imeingia odio kwenye simu. Sauti ya Yaya, nyuma yake wanawake wanalia matanga. "Tumefika, muongo mukubwa. Nimekanyaga mafuta njia yote. Direksiyo yako haijafa, sisi njo tulikuwa wajinga." Kisha Mama: "Nililala mpaka huku. Kama nyumbani." Kisha Yaya tena: ameshauriana na Mama, gari inamfaa Mama, itabaki kwake yeye Yaya, mkubwa wa nyumba. Kesho atawazungusha wazee wa familia nayo, juu mpaka kwenye mtambo wa umeme na kurudi.

Nitaandika ukweli, kwa kuwa hapa ndipo ninapouandika. Aliposema tumefika, kwa pumzi moja moyo wangu ulianguka. Nilitaka iwe imewatupa mtaroni, polepole, bila damu, ichafuke suti tu.

Pumzi moja. Lakini ilikuwa yangu.

Nimempigia. Nimemwambia asiiguse gari mpaka nifike. Amecheka na kuwapa wengine simu wanisikie ninavyolilia gari.

Alfajiri naondoka na pikipiki, rotili begani kama mtoto. Nitainama chini ya gari mbele ya msiba mzima, kabla hawajapanda. Kama waya bado inashika, watanicheka mpaka nizeeke, na gari haitarudi kwangu, nayo itakuwa nzima kabisa kwa mkono wangu mwenyewe.

Naomba wanicheke. Sehemu yangu iliyo kubwa inaomba hivyo.