Plume ya Baba

Panda, Likasi
Tarehe 19 Juni 1994

Mpendwa Yaya Laure, dada yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe, Shemeji Séraphin na watoto. Mmeshayazoea maji ya Mwene-Ditu? Na kifua cha Elikia kimepona? Sisi huku tu wazima, ila baridi ya Juni haituonei huruma.

Barua yako imefika. Umeuliza neno moja tu, nalo limeninyima raha: mbona Baba hakuandikii? Je, amekukataa kwa sababu ulimfuata mume wako walipofukuzwa watu wa Kasai?

Siku ile kwenye gare, treni yenu ilipoondoka, kalamu yake ya wino ilimponyoka ikaanguka kwa ncha, ikapinda kama mdomo wa kasuku. Tangu hapo kila nikimwambia akuandikie ananijibu, "Bic ni ya kuandika bei ya bunga ya ugali. Mutoto wangu nitamuandikia na plume." Sasa sijui kinachomzuia ni kalamu au ni moyo. Unamjua mzee wetu, akinuna hata mlango unanuna.

Nikamtuma binamu yetu Lambert, aliyekuwa akienda Kapolowe, amtafutie Baba plume. Akarudi na manyoya ya kuku, meupe, yamefungwa kwa uzi, maana kwa Kifaransa nayo ni plume. "Si ulisema plume ya muzee? Ni ya kusafisha masikio, hapana?" Baba alicheka mpaka akakohoa. Manyoya hakuyarudisha, anajichokonoa nayo kila jioni.

Safari ya pili Lambert alileta ncha yenyewe, ameing'oa kwenye kalamu kuukuu. Leo asubuhi nimeloweka kichwa cha kalamu ya Baba kwenye maji ya vuguvugu ili wino mkavu ulegee. Nikashika kwa kitambaa ncha iliyopinda pamoja na ule ulimi mweusi ulio chini yake, nikavuta moja kwa moja bila kuzungusha, maana ukizungusha ulimi unavunjika. Ikagoma. Haraka haina baraka, najua, lakini unanijua nami. Nikaloweka tena, nikazunguka nyumba, nikarudi nikavuta, ikatoka. Ile mpya nikailaza juu ya ulimi, nikaisukuma taratibu mpaka ikakaa. Ndiyo ninayoandikia sasa, na vidole vyangu vyote ni bluu.

Kwa hiyo kisingizio kimekwisha, Yaya, na ndiyo maana situlii. Naogopa. Lambert anapanda treni ya kwenu leo, ikikubali kuondoka. Nitampelekea Baba kalamu pamoja na karatasi hii, nimemwachia nafasi chini. Ikibaki tupu, usiache kuniandikia mimi.

Msalimu Shemeji, mbusu Elikia na wadogo zake. Mungu awafunike huko mliko, awape chakula na usingizi.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukukumbuka sana,
Hortense

Laure, miye niko muzima. Séraphin ni mutoto wangu vilevile. Umuambie.
Baba yenu