Nguo ya Kutoka Matanga

Kolwezi, Jumapili, tarehe 3 Machi 1957
Asubuhi mvua nyembamba, bila upepo. Ilikatika misa ya pili ilipoanza.

Kwa Yaya Kabedi, dada mkubwa wa marehemu Henri wangu, kule Kisenge.

Nakusalimu sana, wewe na Tata Ngoy mume wako, na watoto wote. Mnaamkaje? Kikohozi cha mtoto wako Mbuyu kimepungua? Mimi ni mzima. Chakula kinapita, usingizi unakuja na kuondoka.

Nimehama kambini. Nyumba ya kampuni ni ya mtu anayekwenda kazini, na Henri haendi tena. Hawakunifukuza; walinipa muda, na muda umeisha. Sasa ninakaa cité, mtaa wetu Waafrika nje ya kambi, chumba cha nyuma kwa Mama Tshiela, mama wa Kasai kama sisi, anayeuza samaki wa chumvi. Usijali harufu ya karatasi hii.

Pesa alizoacha Henri nimenunulia balo. Kule kwenu labda hamjaliona: ni furushi kubwa la nguo zilizovaliwa Ulaya, limebanwa kwa mikanda ya chuma, hulijui la ndani mpaka ulikate. Nililikatia chumbani. Nilifua kila kipande, nikashona vifungo vilivyopungua, nikapiga pasi ya makaa jinsi masista walivyotufundisha. Kesho ninaanza sokoni. Ofisi ya cité imeniruhusu kukaa hadi mwisho wa Julai. Siku hiyo nitaonyesha kwamba kazi inanilisha. Isiponilisha, itabidi niende kwa ukoo wa mume.

Ujumbe wako, kwamba nirithiwe na Ngeleka, mdogo wenu, umenifikia. Najua Henri hakuacha mtoto, na najua Tata mkwe anataka jina la mwanawe lipate mtu wa kulibeba. Naomba tuache matanga yaishe kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Odile

*

Kisenge, tarehe 24 Machi 1957

Odile, mudogo wangu,

Nakusalimu: moyo. Moyo mara mbili, maana barua yako ilikawia njiani na nilishakutukana kwa kukosa kuandika. Mbuyu hakohoi tena, sasa anapiga wenzake, kwa hiyo ni muzima. Sisi wengine tunapumua. Na wewe, unakula kweli, ao unaandika tu kwamba unakula?

Nilimusomea Tata Ngoy habari ya balo. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema: muke wa matanga kuuza bilamba, nguo za rangi, ni kama mupishi wa bazungu, anapika siku nzima na kuonja hawezi. Usikasirike. Mi pia nilicheka, kisha nikaacha.

Sasa sikia. Tata yetu, mukwe wako, amesema matanga ya Henri yataisha mwezi wa nane, mwaka ukitimia. Ngeleka atakuja na nguo mupya, atakuvua hiyo nyeusi, mutarudi naye huku Kisenge. Ni kijana mutaratibu, halewi, kazini bakubwa wake wanamupenda. Huyu si mutu wa kulalamikia. Bapo bajane baliopewa babaya kuliko huyu.

Nakutumia asali kwa mukono wa mama mumoja wa treni. Kama chupa itafika nusu, ujue ni yeye.

Yaya yako,
Kabedi

*

Kolwezi, tarehe 28 Aprili 1957
Anga safi. Baridi ya kwanza ya mwaka. Maji ya ndoo yaliniuma vidole.

Kwa Yaya Kabedi,

Salamu nyingi kwako, kwa Tata Ngoy, na kwa Mbuyu anayepiga wenzake. Natumaini barua hii inawakuta salama. Mimi mwili hauna shida. Asali ilifika imejaa. Yule mama tumuombee baraka.

Biashara haiendi, na nimejua sababu. Ni mbili.

Ya kwanza ni pasi. Nilipanga nguo zangu kwenye kamba, zimenyooka, kola zimesimama. Watu walipita mbali. Siku ya tatu mama mmoja akashika shati la bluu, akageuza kola, akaniuliza kwa heshima:

"Mama, ni bilamba ya bwana yako?"

Nikamwambia ni ya balo.

"Ya balo inakuwa na mikunjo. Hii imepigwa pasi. Nani anapigia pasi mutu asiyemujua?"

Akalirudisha kwenye kamba polepole, akafuta vidole kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni. Mwenzake akamwambia waende, kwa maana maiti angekuja usiku kuulizia shati lake. Walisema bila ubaya, kama watu wanaoonyana juu ya shimo la barabarani.

Mama Tshiela alinieleza jioni. Mikunjo ndiyo cheti cha balo: nguo ikitoka imekunjamana, mteja anajua haijapita kwa mtu wa hapa. Mimi nilikuwa nimeifuta kwa mkono wangu. Basi pesa iliyobaki yote nimenunulia balo la pili, la makoti, kwa ajili ya baridi. Safari hii nililipeleka sokoni likiwa limefungwa, nikalikata mbele ya watu. Walikuja wengi. Bwana mmoja wa kambi ya Musonoi alinusa koti akasema lina harufu ya dawa ya nondo, hii ni Ulaya kabisa. Alikuwa anatoa pesa wakati mke wake alipouliza nyuma yake: "Wameshamuvua huyu mama?" Bwana akanitazama mavazi, kwa mara ya kwanza nadhani, akaliweka koti chini.

Hiyo ndiyo sababu ya pili, na haimo katika nguo. Imo kwangu. Watu hawataki kupokea kitu kutoka mkononi mwa mjane asiyetolewa matanga. Wanaonunua ni wageni wa treni tu, wasionijua na wenye haraka.

Kwa hiyo naomba jambo. Mwezi wa nane baridi itakuwa imekwisha, na ruhusa yangu imekwisha. Naomba nivuliwe mwezi wa sita. Na naomba nivuliwe tu, bila kupewa mtu. Naliweka ombi hili kwako, si kwa kaka zako.

Mdogo wako,
Odile

*

Kisenge, tarehe 19 Mei 1957

Odile,

Tuko wazima. Natumaini nawe.

Barua yako niliisoma mbele ya Tata na bandugu, kwa sababu baliuliza. Kosa langu ni kuisoma mpaka mwisho.

Tata amesema hivi. Mwaka haukatwi. Na nguo inayokutoa matanga inaletwa na ukoo wa mume; ukiipokea mukononi, umemukubali aliyeileta. Ndivyo ilivyo tangu Kasai. Ukijivua mwenyewe, hakuna Muluba wa Kasai mwenye akili atakula kwako ao kununua kwako, huko Kolwezi ao popote treni inapofika.

Ngeleka atakuja mwezi wa nane.

Kabedi

*

Kolwezi, tarehe 16 Juni 1957
Baridi kali. Majani nyuma ya nyumba yalikuwa meupe hadi jua lilipopanda.

Kwa Yaya Kabedi,

Nakusalimu, pamoja na Tata mkwe na watu wote wa nyumbani. Hukusaini yaya safari iliyopita. Nimeliona, na naendelea kukuita hivyo mpaka unikataze. Mimi nina mafua, si makubwa.

Nilikwenda kwa padri. Aliniambia Kanisa halinifungi kwa nguo nyeusi, naweza kuivua hata leo. Nilimshukuru. Lakini padri hanunui makoti sokoni. Kila asubuhi wamama wanapita wakipuliza vidole, wanayaangalia makoti yangu, wanaendelea na safari. Mama Tshiela alijaribu kuyauza kwa niaba yangu pamoja na samaki wake. Wakamuuliza ya nani. Yeye hajui kusema uongo; alisema ya mjane wa nyuma.

Alhamisi iliyopita Ngeleka alikuja na treni. Hakuleta kifurushi. Alikula, akanisaidia kupasua kuni, akajaribu koti moja la kijivu, likamkaa vizuri, akalivua akalikunja. Nilipomuuliza amekuja kwa nini, aliliweka koti juu ya meza kwanza.

"Mi nilikuwa na miaka saba wakati ulikuja kuolewa kwetu," alisema. "Ulikuwa unaniosha masikio."

Nikamwambia nakumbuka. Akasema Tata akimtuma atakuja, kwa sababu hajui jinsi ya kumkatalia Tata. Kisha akawahi treni.

Sasa nasema wazi, isionekane baadaye kwamba nilinyamaza. Sitapokea nguo kutoka mkononi mwa Ngeleka. Si kwa sababu ya ubaya wake; hana. Nitakaa na nyeusi hii hadi ianguke, na mwisho wa Julai nikifukuzwa cité nitajua pa kwenda, lakini si kuwa mke wa mtoto niliyemwosha masikio.

Nina swali moja, na nikishaliuliza sitakusumbua tena. Tata alisema nguo inaletwa na ukoo wa mume. Je, lazima iletwe na mwanamume? Nimewauliza wamama wa Kasai wa hapa, wakubwa kwa umri. Wote wamesema hawajawahi kuona ikiletwa na mwanamke. Hakuna hata mmoja aliyesema imekatazwa.

Mdogo wako,
Odile

*

Kisenge, tarehe 30 Juni 1957

Odile, mudogo wangu,

Moyo. Mafua yameenda? Kunywa maji ya moto na ndimu, si chai tu.

Barua hii ya mwisho sikuisomea mutu. Nilikaa nayo ndani ya kikwembe wiki nzima, mpaka ikachoka kuliko mimi.

Kuna kitu hukijui, kwa sababu kilikuwa mbele ya wewe kuingia kwetu. Tata Ngoy si bwana yangu wa kwanza. Wa kwanza alikuwa kaka yake mukubwa, Nkulu. Tuliishi naye musimu mbili za mvua. Alipokufa, mwaka ulitimia, batu bakakaa uwanjani, Ngoy akaleta nguo. Ilikuwa ya kijani. Alininyooshea, na mi nikanyoosha mikono, kwa sababu yake ilishanyooshwa na batu balikuwa banaangalia. Sisemi Tata Ngoy ni mubaya. Unamujua, anacheka, anatafuta chakula, hanipigi. Lakini siku ile hakuna mutu aliniuliza, na mi sikuuliza mutu. Sikujua kama kuna swali.

Wewe umeuliza. Na mi nimetafuta kwa kichwa yangu yote wapi imekatazwa, sijapaona.

Nitakuja na treni ya Ijumaa. Jumamosi nitakuwa sokoni. Usiniwekee nguo pembeni. Usinipunguzie bei kwa sababu ya jina. Tata yetu anajua ninaenda Kolwezi kung'oa jino. Likiuma kweli njiani nitajua ni Mungu.

Yaya yako,
Kabedi

*

Kolwezi, Jumapili, tarehe 7 Julai 1957
Baridi, vumbi, jua lisilopasha. Treni yako ya kwenda Dilolo ilichelewa kuondoka, kama ulivyoona.

Kwa Yaya Kabedi,

Natumaini umefika salama, na kwamba umepata mahali pa kukaa ndani ya behewa. Mimi ni mzima.

Nakuandikia mambo uliyoyaona kwa macho yako, usinishangae. Tata atakuuliza, na siku moja ataniuliza mimi. Nataka maneno yetu yafanane. Haya ndiyo nitakayosema.

Ulikuja sokoni Jumamosi wakati watu ni wengi, na hukunisalimu kama ndugu. Ulipekua nguo kama mteja mwingine. Ulichukua gauni la rangi ya haradali, lililotoka katikati ya makoti, lenye mikunjo yake yote, ukauliza bei. Nikataja.

"Mama, umelifuma wewe mwenyewe?" ulisema, na watu wakacheka. Ndiyo mara ya kwanza mtu kucheka kwenye meza yangu. Ulinishusha, nikashuka. Ulinishusha tena, nikakataa, ukalitupa chini ukaondoka, ukarudi. Mwishoni nilitaka kukuachia kwa bei ndogo. Hapo ulikataa wewe. Ulisema: "Usinihurumie. Nguo ya huruma itakuwa ya kwako. Mi nataka iwe ya kwetu." Ukalipa yote, Mama Tshiela akishuhudia.

Kisha ulipandisha sauti. Maneno yako nimeyaweka kama yalivyotoka: "Mi ni Kabedi, dada ya Mukendi Henri. Nguo hii imetoka kwa ukoo wa Mukendi. Anayeileta ni mimi, na mi sioi mwanamuke."

Tata Kalombo, yule mzee wa Kasai anayeuza tumbaku, alisema tangu azaliwe hajaona kitu cha namna hiyo. Ulimjibu, "Basi umeishi vizuri, tata, umefika mpaka leo." Halafu akasema nguo imenunuliwa, ukoo umetajwa, yeye hana kesi. Hilo nitalisisitiza kwa Tata mkwe, kwa sababu yeye na Kalombo wanafahamiana.

Nyumbani kwa Mama Tshiela ulininyoa, ukanimwagia maji, wamama wa Kasai wakiwa wamesimama. Nyeusi ilichomwa nyuma ya nyumba. Uliponinyooshea nguo hukunisukumia. Uliuliza, "Unaitaka?" Nikasema ninaitaka. Ndipo nikanyoosha mikono.

Mchana tulirudi sokoni, na wewe ukakaa kwenye sanduku langu ukila karanga. Mama wa kwanza alinunua koti bila kuuliza neno. Baada yake walikuja kwa pamoja. Vilivyobaki ni makoti ya watu wanene sana, na shati la bluu lenye kola iliyonyooka. Hilo nadhani litazeeka na mimi. Wiki hii nitakwenda ofisi ya cité, sitangoja mwisho wa mwezi.

Mambo mawili sijui tutayajibuje. La kwanza, ulisema Tata mkwe anaweza kukukataza nyumba yake. Nimelifikiria siku nzima na sina la kukupa, isipokuwa kwamba chumba changu kina mlango wake.

La pili ni neno ulilosema mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi ya behewa: "Sasa wewe si wetu tena." Ulisema ukiangalia upande wa injini. Bado sijui kama ulikuwa unaniambia au unaniuliza.

Naongeza Jumatatu asubuhi, kabla ya posta kufunguliwa. Anga safi, baridi imepungua kidogo. Mama Tshiela anakusalimu. Jana nilikaa muda mrefu kitandani nikiwa na gauni lile mwilini. Nililala saa tano na robo usiku, bila kulivua.

Ni mimi, mdogo wako,
Odile