Ngome Ambayo Vita Havikuifikia

Cape Town, Jumatatu

Mama mpenzi,

Jambo sana. Goti lako linaendeleaje? Na umeme pale mtaani kwetu Kampemba, siku hizi unarudi mapema au bado mnapikia makaa? Huku tuko wazima, ila upepo wa bahari unapenya hata ukutani.

Kazi ya kuchomelea vyuma inaendelea. Sasa tuko kwenye ngome ya zamani juu ya kilima, tunatengeneza milango iliyoliwa na kutu. Ilijengwa kuzuia meli za adui wakati wa vita vikuu vya pili vya dunia, vile ambavyo babu alisema wakati wake Wazungu walitaka shaba yetu zaidi kila siku. Leo watu wanakata tiketi na kuja kuitembelea na watoto wao.

Jana bosi alituruhusu kuleta familia, nikaenda na Furaha. Mama, najua hukutaka nioe binti wa Kivu ambaye kwao hukujui, wala hukuja siku ya mahari. Sikuandikii kukulaumu. Nataka tu ujue yaliyotokea.

Furaha alipoona mizinga miwili mikubwa imeelekezwa baharini, alinishika mkono akasimama palepale.

"Ilunga, miye sitaingia mule."

Mzee anayeongoza wageni, Bwana Daniels, alimletea chai kwenye kikombe chake mwenyewe, akaketi nasi nje ya ukuta. Alisema mama yake alikuwa askari hapo, mmoja wa wasichana waliopima umbali wa meli kwa darubini. Mimi nilikuwa natafsiri.

"Umuulize," Furaha akaniambia, "adui balifika?"

"Hapa hawakufika kamwe," mzee akajibu. "Askari walingoja tu mpaka vita vikaisha. Mizinga ilipigwa kwa mazoezi tu, ikavunja madirisha ya majirani. Mama yangu alilima viazi nyuma ya ghala la mabomu."

Furaha akaangua kicheko. "Balingoja vita, na vita haikukuya?" Alicheka mpaka akatokwa na machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Kila Jumapili mchana hulipuliwa mzinga mdogo usio na risasi, kuwafurahisha wageni. Watoto walikuwa wameshaziba masikio. Bwana Daniels akamtazama mke wangu, akainuka, akawatangazia watu: "Samahani sana, leo baruti imelowa." Mama, mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

Wageni walipoondoka, Furaha akanisimulia jambo ambalo hajawahi kulisema. Alikuwa mtoto walipokimbia vita kijijini kwao. Bomu lilianguka, watu wakatawanyika njiani, na yeye akaachia kikwembe alichovaa mama yake, ambacho alikuwa amekishika. Hakumwona tena. Mjomba wake mmoja mwenye lori ndiye aliyemlea. Wewe uliuita ukimya wake kiburi. Siyo kiburi, mama.

Baadaye aliingia mwenyewe, bila mimi kumsihi. Aliweka kiganja juu ya mzinga, kisha akasema, "Iko baridi tu."

Tukiwa tunashuka kilima aliniambia ana mimba. Anataka kuzalia Lubumbashi, nyumbani kwako. Mimi kazi hainiachii, kwa hiyo atakuja peke yake kabla ya mvua kuanza huko. Ukikataa nitaelewa, lakini nijibu wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Nisalimie kaka anayefundisha kule Kasapa, shangazi anayeuza unga sokoni Ruashi, na wajukuu wote wanaokuchosha hapo uani. Mungu akulinde mpaka tuonane uso kwa uso.

Mwanao,
Ilunga

Furaha ameomba nafasi hii iliyobaki aandike kwa mkono wake:

Mama, njo miye, Furaha. Banasema kwenu nyanya ndiye anamunawisha mutoto siku za kwanza. Miye nitateka mayi na kuyapasha moto. Wewe utanionyesha namna ya kumushika.