Aloe zimerudi kwenye mawe

Yaya Furaha, muko wazima huko Mahagi? Hapa Bunia mvua inanyesha kila mangaribi, na mudogo wako bado iko anacheka peke yake.

Nilienda na shangazi Adela kununua mboga ya lengalenga kwenye soko ya Nyakasanza. Pale, wanaume wawili walikuwa wanapakia mifuko mu kamio. Mufuko moja ukapasuka, zikamwangika aloe, zile fupi za majani manene yenye madoa. Zinaota tu mu mawe ya kilima nyuma ya shamba la shangazi, mahali pengine hatujaziona. Ziling'olewa na mizizi yote.

"Munazipeleka wapi?" shangazi akauliza.

"Mama, ni majani tu. Kuna watu ng'ambo wanapenda kuzipanda mu nyumba."

"Majani tu? Mumeacha kilima kitupu! Muonyeshe ruhusa."

Hawakuwa nayo. Wakawasha kamio. Basi wamama wa soko wakaacha mboga, wakakaa chini mbele ya magurudumu, na miye pia, nikiwa nimevaa kikwembe changu kipya, mu matope! Shofere akazima. Hatukusimama mupaka afisa wa mazingira, aliyeitwa kwa simu, alipofika, akakamata mifuko pamoja na wenyewe.

Leo asubuhi tulipanda kilima na yule afisa, tukazirudisha zote, moja moja katikati ya mawe. Wamama waliimba mupaka sauti zikakauka. Shangazi hakuimba. Alishika jani moja, akaliambia pole pole: "Karibu kwako."

Ukumbatie mama na watoto. Ninawapenda sana.

Mudogo wako, Claudine