Ukwaju wa Gomti

Kijiji cha Kherwasa,
Wilaya ya Dungarpur,
Rajasthan.
26 Novemba 2018

Mpendwa Shemeji Manilal,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mgongo wako unaendeleaje tangu ulipoteleza pale kazini? Nasikia joto la Kuwait limeshuka, basi nadhani sasa hata usingizi unapatikana. Sisi huku ni wazima kiasi chetu. Kaka yako anakohoa kidogo, watoto wanakwenda shule, magoti ya Mama ni yale yale. Mahindi tumekwisha kuvuna. Si mengi, ila yatatufikisha.

Barua hii anakuletea Hurji, mtoto wa jirani yetu Galal, pamoja na mtungi wa achari ya maembe. Utajiuliza kwa nini nahangaika na kalamu wakati simu ipo. Shemeji, ukipiga simu tunaizunguka nyumba nzima, na anayeishika ni Mama. Kuna maneno hayasemeki pale. Nilisoma hadi darasa la nane, na leo nashukuru.

Uliambiwa Gomti amekufa kwa uzee. Umedanganywa. Gomti alikuwa na miaka tisa na mimba ya miezi saba. Unamjua alivyokuwa, mtoto wa yule ng'ombe niliyekuja naye kutoka kwa baba yangu siku ya arusi, ambaye wewe ulikuwa ukinywa maziwa yake chunguni kisha unamsingizia paka. Nilikulinda mara ngapi? Leo vumilia nikuambie ukweli.

Gomti ameuawa na maji ya kisima chako.

Usirushe karatasi, soma kwanza. Nakumbuka siku ile mashine uliyoilipia kwa fedha za Kuwait ilipochimba futi mia tatu na maji yakaruka. Mama alilia kwa furaha, tukaivisha pampu shada la maua ya njano, na kaka yako akagawa sukari guru kijiji kizima. Mimi pia nilishangilia, kwani nani alikuwa akipanda kile kilima na mitungi kutoka kisima cha zamani, wewe? Mwaka wa kwanza tulikuwa wafalme. Mwaka wa pili Gomti akaanza kuchechemea. Leo mguu huu, kesho ule. Mbavu zikaota manundu, akawa hatafuni vizuri, maziwa yakapungua. Nilipomfunua mdomo, meno yalikuwa ya kahawia, yamelika kama ya kikongwe. Yule mchoma sindano wa sokoni akasema ni baridi yabisi, akamchoma, akaenda zake.

Ndipo mwezi wa Juni alipokuja daktari wa mifugo, Daktari Hemlata, mwanamke mfupi wa viatu vya mpira. Alitazama meno, akapapasa mbavu, akajaza maji ya pampu kwenye chupa akaondoka nayo. Aliporudi alisema maji yale yana madini mengi ya floraidi, na madini hayo hukaa kwenye mifupa mpaka mfupa uwe mzito lakini rahisi kuvunjika. Mfupa uliokwisha kuharibika haurudi. Lakini tukirudi kwenye maji ya kisima cha zamani, na tukimpa ukwaju uliorowekwa, majani makavu ya mlonge na pumba, sehemu ya sumu itatoka kwenye mkojo na hatazidi kuumia. Akanionyesha kipimo kwa mkono wangu mwenyewe, konzi moja ya ukwaju kila asubuhi.

Nilifanya, Shemeji. Miezi mitatu nilipanda kile kilima tena. Nilichuma mlonge, nikauanika, nikautwanga. Gomti mwanzoni alikunja pua, baadaye akawa analilamba hori mpaka linang'aa. Mwezi wa Septemba aliinuka asubuhi bila kusukumwa. Nililia peke yangu zizini kama mjinga.

Mwanzoni mwa Oktoba mama yangu akaugua na nikaenda kwetu kumuuguza. Nilikaa wiki tano. Nilimwachia Mama ukwaju wa kutosha, nikamweleza kila kitu, akaitikia, "Nenda mwanangu, usiwe na wasiwasi, mimi ng'ombe nimewajua kabla hujazaliwa."

Siku niliyoondoka aliumwaga ukwaju wote jalalani.

Hakufanya hivyo kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, maana sina hata mtu wa kumchukia vizuri. Unajua tulivyolelewa. Mwenye viungo vibovu haonjeshwi kichachu. Ndimu hapana, mtindi hapana, ukwaju ndiyo kabisa. Mama mwenyewe, tangu magoti yaanze, ana miaka mitatu hajaonja ule mchuzi wake wa ukwaju anaoupenda kuliko wana wake. Sasa amwone ng'ombe anachechemea, halafu mimi nimpe ukwaju! Moyoni aliona namuua Gomti. Akampa uwatu na sukari guru badala yake, na kwa sababu ya baridi ya asubuhi, akamnywesha maji yanayotoka pampuni yakiwa vuguvugu. Alimlea kama mgonjwa wake. Kila siku alimshibisha sumu kwa mapenzi.

Nilirudi mkesha wa Diwali. Gomti aliponiona alitaka kusimama, akashindwa mara mbili. Nikauliza ukwaju uko wapi. Mama akajibu, "Ule uchachu wako? Nimeutupa. Ungemlemaza kabisa yule mnyama."

Ikafika siku ya kukimbiza ng'ombe wote hadi lango la kijiji, kama kila Diwali. Nilimwomba kaka yako amwache zizini. Tayari alikuwa ameshampaka pembe rangi nyekundu.

"Watu watasema nini?" akaniuliza. "Nyumba yenye mtu Kuwait, ng'ombe wake ashindwe kupita langoni?"

"Atavunjika."

"Hatua chache tu, mwanamke. Usinitie nuksi sikukuu."

Baruti zikalipuka, ng'ombe wa kijiji kizima wakatimua mbio. Gomti naye akakimbia, maskini, miaka yote yeye ndiye aliyekuwa mbele. Mguu wa kulia ulivunjika kabla hajafika langoni. Mlio wa mfupa hatukuusikia sisi peke yetu. Mtoto wa watu akacheka, mzee Galal akampiga kofi. Wanaume wanane walimbeba kwa magogo na kamba hadi nyumbani.

Alilala siku tisa. Daktari Hemlata alikuja, akapiga magoti kando yake, akasema hakuna la kufanya ila kumgeuza asipate vidonda. Tulimgeuza asubuhi na jioni. Kaka yako hakula vizuri siku zile zote, na mimi sikumsemesha, na mpaka sasa namsemesha kwa shida. Ndama alikufia tumboni kwanza. Gomti akafuata siku ya tisa, saa nne asubuhi, rangi ya sikukuu bado iko kwenye pembe zake.

Sasa amebaki binti yake, Dhauli, mtamba wa mwaka na nusu. Meno yake yameanza madoa. Nimerudia ukwaju, nimerudia kilima. Lakini mikono yangu ni miwili. Nikiwa shambani, Mama anafungua pampu na kumnywesha, kisha anakunywa mwenyewe.

Juzi nilimkuta zizini. Alikuwa amemaliza kuzungumza na Daktari Hemlata, ambaye alimtazama magoti, akamweleza taratibu kwamba maji yale yale yanaweza kuumiza na mifupa ya watu, na kwamba uchachu hauna kosa lolote. Mama aliinama juu ya hori la Dhauli, akachovya kidole kwenye ukwaju, akalamba. Akalamba tena. Machozi yakamtoka.

"Kumbe miaka yote hii nimejinyima bure," akasema.

Nikashika mkono wake. Nikamwambia basi, Mama, tuifunge ile pampu leo. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Mani alivunja mgongo wake kwa ajili ya maji yale. Atajisikiaje akiambiwa mama yake ameyakataa? Usithubutu kumwambia." Kisha akajifuta uso kwa ushungi, akaenda, akajaza jagi lake pampuni, akanywa lote nikimwangalia.

Ndiyo hali ilivyo, Shemeji. Nimesema naye, kaka yako amesema, daktari amesema. Yeye hatusikii. Anakunywa kwa sababu ni yako. Basi piga simu, akiishika mwambie wewe, kwa mdomo wako, kwamba hukuchimba kisima kile mama yako afe kwa maji yake.

Watoto wanakusalimu. Galal na mkewe wanakusalimu sana. Kaka yako pia, ingawa hajasoma haya. Dhauli namsalimia mimi kwa niaba yako. Mungu akuhifadhi huko juu ya majengo ya watu, akurudishe na viungo vyako vyote.

Mimi shemeji yako, nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia,

Rukma